Alitoka Jeshi Mzima, Ndege ya Jeshi Ikammaliza

Msee wa Changamwe, ndege zikipita juu ya keja yako zikishuka Port Reitz, mkumbuke Tom Campbell Black. Vita ya Kwanza alirushia jeshi la Uingereza ndege, akatoka mzima, akakuja Kenya kulima. Shamba halikumtosha. 1929, pesa ikitoka kwa mjane Florence Wilson, wakaanzisha Wilson Airways na kandege kamoja. Baadaye ikabeba abiria na barua hadi Mombasa. 1934, yeye na Scott wakashinda mbio za London hadi Melbourne. 1936, akiwa bado chini uwanjani Liverpool, ndege ya jeshi ikamgonga. Akadedi na miaka 36. Wewe rubani wa jeshi unayewaza kuhamia abiria, usihame juu ya uoga. Hame juu unaipenda hiyo kazi.