Habari za Santiago Ramón y Cajal

Katika kijiji kimoja cha Hispania alizaliwa, mwaka 1852, mtoto jina lake Santiago Ramón y Cajal. Baba yake, daktari mkali, alitaka mwanawe awe daktari pia. Lakini mtoto hakupenda ila kuchora. Alikatazwa, wala hakukoma. Alipokuwa na miaka 11 alitengeneza mzinga wa mti, akavunja lango la jirani, akafungwa siku chache. Baba yake akamtia kazini, mara kwa kinyozi, mara kwa mshona viatu.

Mwaka 1868 baba akapata shauri jingine. Usiku wa mbalamwezi walikwenda makaburini, wakaokota mifupa ya kale, wakaileta nyumbani iwe ya kufundishia. Santiago akaichora mmoja mmoja, na kwa kuichora akaijua. Tangu hapo akapenda uganga, na mwaka 1873 akahitimu.

Siku zile wenye elimu walijua ya kuwa nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, upokeao nuru, na ya kuwa mshipa watoka hapo kwenda ubongoni. Lakini habari hupitaje? Wengi walidhani chembe zote za fahamu zimeshikamana kama nyuzi za wavu mmoja.

Mwaka 1887 Cajal alionyeshwa dawa iliyovumbuliwa na Camillo Golgi wa Italia. Dawa hiyo hutia weusi chembe chache tu, hata moja ikaonekana nzima, kama mti ulio peke yake uwandani. Cajal akaiongezea nguvu, akakata vipande vyembamba vya macho ya ndege na wanyama, akavitazama kwa hadubini na kuvichora. Akaona kila chembe imesimama mbali na mwenzake. Katika retina, safu ya kwanza hupokea nuru, huipa habari safu ya pili, nayo huipa ya tatu, kama watu wapokezanao ndoo za maji. Nyuzi ndefu za safu ya tatu hufungamana kuwa mshipa wa jicho. Mishipa ya macho mawili hukutana chini ya ubongo. Nyuzi nyingine huvuka upande wa pili, nyingine hazivuki. Zikiisha kufika kituo kilicho ndani ya ubongo, habari hupelekwa hata sehemu ya kisogoni, na mtu huona.

Wachache walimsikiliza. Mwaka 1888 alichapa gazeti lake kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka 1889 akasafiri mpaka Berlin, akawaonyesha wataalamu vipande vyake. Mzee Kölliker, aliyesifiwa sana kwa elimu hiyo, alitazama akasadiki.

Mwaka 1906 Cajal na Golgi walipewa pamoja Tuzo ya Nobel. Golgi akasimama mbele ya watu akautetea wavu. Kesho yake Cajal akaeleza tena aliyoyaona kwa macho yake.

Alikufa Madrid mwaka 1934. Katika miaka ya 1950 hadubini zenye nguvu zaidi zilionyesha nafasi ndogo mno iliyo kati ya chembe na chembe, ikajulikana ya kuwa alisema kweli. Picha zake zingali zikichapwa katika vitabu vya elimu ya ubongo. Na kuchora ndiko baba yake alikokuwa akimkataza.