Joseph Bramah: Fundi aliyetundika kufuli dirishani na kuwaalika wote walifungue

LAITI mguu wa Joseph Bramah usingeumia alipokuwa na umri wa takriban miaka 16, huenda angaliishi na kufa akiwa mkulima kama babake, na historia ya makufuli ingalichukua mkondo mwingine.

Bramah alizaliwa Aprili 13, 1748 katika shamba moja huko Stainborough, karibu na mji wa Barnsley, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa miongoni mwa watoto watano wa mkulima wa kawaida, na tangu utotoni alitarajiwa kushika jembe. Ajali hiyo ilimwacha akichechemea na hakuweza tena kuzihimili kazi za shambani. Kwa hivyo alipelekwa kwa seremala wa kijijini akafundishwe kazi ya mbao.

Alipohitimu, alifunga safari hadi London kutafuta riziki. Miongoni mwa vibarua alivyopata ni kufunga vyoo vya maji katika nyumba za matajiri. Vyoo hivyo vilikuwa vya muundo wa Alexander Cumming, aliyepewa hataza mwaka wa 1775, yaani hati ya serikali inayolinda haki ya mvumbuzi. Hata hivyo, vilikuwa na kasoro: kifuniko cha ndani kilichozuia maji kiliweza kuganda wakati wa baridi kali. Bramah alikibadilisha, akaweka kifuniko chenye bawaba, na mwaka wa 1778 akapata hataza yake ya kwanza.

Huo ndio uliokuwa mtindo wake maishani. Alikichukua kitu ambacho kila mtu alikitumia, akatafuta mahali kinaposhindwa, kisha akaanzia papo hapo.

Udhaifu wa makufuli ya zamani

Baada ya vyoo, aliyageukia makufuli na vitasa. London ya wakati huo ilikuwa imejaa mali na wezi, nayo haikuwa na kikosi cha polisi cha jiji zima. Kikosi hicho kilikuja kuundwa mwaka wa 1829. Mfanyabiashara alilitegemea kufuli lake, na kufuli lenyewe lilikuwa hafifu.

Makufuli mengi yalikuwa na vizuizi vya chuma vilivyokazwa ndani, na ufunguo ulichongwa mapengo ili uvipite vizuizi hivyo. Ubaya ni kwamba mwizi hakuhitaji ufunguo kamili. Ufunguo malaya, uliopunguzwa chuma hadi ukabaki mwembamba, ungeweza kuvikwepa vizuizi vyote na kuufikia ulimi wa kufuli. Mwaka wa 1778, Mwingereza Robert Barron alipiga hatua kubwa kwa kuweka ndani ya kitasa vipande vinavyosogea, ambavyo sharti viinuliwe kwa kimo maalumu, si zaidi wala si pungufu.

Bramah aliikubali kazi ya Barron lakini hakuridhika nayo. Mwaka wa 1784 alipewa hataza ya kufuli lake mwenyewe, ambalo muundo wake ulikuwa tofauti kabisa.

Ufunguo wa Bramah ni mrija mdogo wa chuma. Kwenye ncha yake kuna mikato kadhaa, kila mmoja ukiwa na kina chake. Ndani ya kufuli kuna silinda, na kuizunguka silinda hiyo kuna vibati vyembamba vinavyoteleza kwenye mifereji yake. Ufunguo unaposukumwa ndani dhidi ya springi, kila mkato hukisukuma kibati chake kwa umbali uliopimwa. Kila kibati kina pengo lake. Mapengo yote yakilingana na bamba lililokazwa ndani ya kufuli, silinda huzunguka na kufuli hufunguka. Kibati kimoja kikizidi au kikipungukiwa hata kwa kiasi kidogo mno, silinda haisogei.

Ni dhahiri kwamba kufuli la namna hiyo halikutaka kubahatisha katika utengenezaji wake. Vipande vilivyokatwa kwa tupa na mkono pekee vilichukua muda mrefu na kugharimu fedha nyingi. Bramah alihitaji mtu wa kumuundia mashine, na mwaka wa 1789 alimpata.

Kijana kutoka Woolwich

Mtu huyo alikuwa Henry Maudslay, kijana wa miaka 18 kutoka Woolwich, ambaye tangu akiwa mtoto wa miaka 12 alikuwa akifanya kazi katika ghala la silaha la serikali. Wengine katika karakana walimwona kuwa mdogo mno, lakini umahiri wake ulijidhihirisha upesi. Yeye ndiye aliyeunda mashine zilizokata sehemu za makufuli kwa usahihi na kwa wingi. Baada ya muda akawa msimamizi wa karakana nzima.

Maudslay ndiye pia aliyelitengeneza lile kufuli lililomletea tajiri wake sifa kuu. Lilikuwa na vibati 18, na namna ambazo vingeweza kupangwa zilizidi milioni 400. Mnamo 1790 kufuli hilo liliwekwa kwenye dirisha la duka la Bramah lililokuwa nambari 124, barabara ya Piccadilly, pamoja na tangazo: yeyote atakayebuni kifaa cha kulifungua angelipwa papo hapo sarafu 200 za dhahabu zilizoitwa gini. Gini moja ilikuwa shilingi 21 za Uingereza, kwa hivyo tuzo nzima ilikuwa sawa na pauni 210.

Wafua vitasa wengi wakati huo waliamini kwamba usalama wa kazi yao ulitokana na kuificha. Bramah alifuata njia iliyo kinyume. Alikuwa ameandika kitabu kilichoeleza makosa ya makufuli ya zamani na namna lake lilivyofanya kazi, na sasa aliliweka mbele ya mafundi, wezi na wapita njia wote wa London. Aliyetaka kujaribu alikaribishwa.

Miaka iliyofuata alitoa uvumbuzi baada ya uvumbuzi. Mwaka wa 1795 alipata hataza ya shinikizo linaloendeshwa kwa maji, kwa kutumia kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal karne moja na zaidi kabla yake. Pistoni ndogo husukuma maji, nayo maji huisukuma pistoni kubwa. Ikiwa eneo la pistoni kubwa ni mara 100 ya lile la ndogo, nguvu nayo huzidishwa mara 100. Jeki ya mafuta inayoinua lori katika gereji yoyote leo hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Inasemekana ni Maudslay aliyepata dawa ya maji yaliyokuwa yakivuja, kwa kubuni kishikizo cha ngozi kinachojikaza zaidi kadiri maji yanavyosukuma.

Bramah pia alijitosa katika mojawapo ya kesi kubwa za uvumbuzi za enzi hizo. Alitoa ushahidi dhidi ya James Watt, bingwa wa injini za mvuke, na mwaka wa 1797 akachapisha barua ndefu kwa jaji. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba hati ya Watt haikueleza uvumbuzi wake kwa uwazi wa kutosha. Watt alishinda hatimaye mwaka wa 1799, lakini msimamo wa Bramah uliambatana na lile kufuli lake la dirishani: anayedai kinga ya sheria sharti aonyeshe anacholinda.

Hazina isiyofungiwa

Hata hivyo, mwaka huo huo wa 1797 Bramah alipoteza kitu ambacho kufuli halingeweza kukilinda. Maudslay, ambaye sasa alikuwa na mke na familia iliyokuwa ikikua, aliomba mshahara wake uongezwe hadi shilingi 30 kwa wiki. Bramah alikataa. Maudslay akaondoka na kufungua karakana yake mwenyewe.

Hesabu ya jambo hilo inashangaza. Tuzo iliyongoja dirishani kumlipa mgeni yeyote atakayelishinda kufuli ingetosha kumlipa Maudslay mshahara huo kamili, si nyongeza tu, kwa wiki 140. Ni zaidi ya miaka miwili na nusu. Maudslay aliendelea hadi akawa mmoja wa waasisi wa mashine za kisasa za kuchonga chuma, na karakana yake ikawalea mafundi wakubwa kama Joseph Whitworth na James Nasmyth.

Bramah naye hakuacha kazi. Alibuni pampu ya kuvuta bia kutoka kwenye mapipa, mashine ya kulainisha mbao, na mnamo 1806 mashine ya kuchapa nambari kwenye noti za Benki ya Uingereza. Kwa jumla alipata hataza 18. Mwaka wa 1814, alipokuwa akisimamia kazi ya kung'oa miti kwa mashine yake ya maji katika msitu mmoja wa Hampshire, alishikwa na baridi iliyomletea ugonjwa wa mapafu. Aliaga dunia Desemba 9, 1814 akiwa na umri wa miaka 66. Kufuli lilikuwa bado limefungwa.

Saa 51 za Hobbs

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Mwaka wa 1851 London iliandaa Maonyesho Makuu katika bustani ya Hyde Park, na miongoni mwa wageni alikuwamo fundi wa makufuli kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs. Alianza kwa kulifungua kufuli mashuhuri la kampuni ya Chubb kwa dakika 25 hivi. Kisha akaiandikia kampuni ya Bramah, ambayo sasa ilikuwa mikononi mwa warithi, akitaka kujaribu bahati yake.

Hobbs alipewa chumba, na waamuzi wakateuliwa. Aliitia silinda mkazo wa kudumu kana kwamba inazungushwa, kisha akakisukuma kibati kimoja baada ya kingine, akihisi ni kipi kinachokwama na kwa kina gani. Kazi hiyo ilimchukua saa zipatazo 51 katika muda wa siku 16. Warithi wa Bramah walilalamika kwamba hakuna mwizi anayepewa muda na utulivu wa namna hiyo, lakini waamuzi walimpa Hobbs ushindi naye akalipwa gini zake 200.

Je, hiyo ilikuwa aibu kwa marehemu? La. Kushindwa kwa kufuli lake kuliwafunza watengenezaji mahali pa kuliboresha, jambo ambalo siri isingeweza kulifanya. Yaliyofuata yalikuwa mashindano ya wazi. Miaka michache baadaye kufuli la kampuni aliyoiwakilisha Hobbs nalo lilifunguliwa na Linus Yale Mdogo, Mmarekani ambaye muundo wake wa vijiti na springi ndio uliomo katika makufuli mengi ya leo.

Maisha ya Bramah yanampa mwongozo yeyote anayekusudia kununua kufuli la kale la aina yake. Atazame kwanza ufunguo: mikato kwenye ncha ya mrija humwonyesha idadi ya vibati vilivyomo, na kadiri vinavyokuwa vingi ndivyo kazi ya kulichokonoa inavyokuwa ngumu. Ufunguo usukumwe polepole, na springi iurudishe bila kusita. Ukizunguka kabla ya kufika mwisho, ni ishara kwamba vibati vimelika. Lisilo na ufunguo wake halisi ni pambo, kwa maana mashine za kawaida za kunakili funguo haziwezi kuchonga mrija huo. Hatimaye aangalie chuma kilichopinda juu yake, kwani vibati 18 havina faida ikiwa msumeno utakikata chuma hicho kwa dakika chache.

Zaidi ya yote, amuulize muuzaji kufuli hilo limewahi kujaribiwa na nani. Muuzaji anayesifu siri iliyomo ndani peke yake hajasema lolote. Lile la Piccadilly sasa limo katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi jijini London, nalo linaheshimiwa ingawa lilifunguliwa, kwa kuwa kwa zaidi ya miaka 60 aliyetaka kulijaribu hakufichwa lilipo.