Handel na Nyumba ya Brook Street

Sisi wanakwaya twaipenda sana "Haleluya", lakini wachache wetu twamjua aliyeitunga. George Frideric Handel alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Baba yake, kinyozi na tabibu, alitaka mwanawe awe mwanasheria, wala hakuuona muziki kuwa kazi ya maana. (Wazazi wetu, msikasirike!) Mzee alifariki mtoto angali na miaka 11. Mwaka 1702 kijana akaingia chuo kikuu, lakini mwaka uliofuata akaenda zake Hamburg kupiga fidla.

Tangu 1723 alipanga nyumba katika Brook Street, London. Humo, mwaka 1741, aliandika "Messiah" nzima kwa siku 24 tu. Ilipoimbwa mara ya kwanza, Dublin, 1742, sehemu ya fedha iliwalipia watu 142 waliofungwa kwa madeni, nao wakafunguliwa. Hilo lanipendeza kuliko yote. Uzeeni alipofuka, lakini hakuacha kupiga kinanda mbele ya watu. Alifia nyumbani humo mwaka 1759.

Nyumba hiyo ni makumbusho tangu 2001. Nikijaliwa kufika London, nitataka kusimama katika chumba kile alichotungia.