William Cowper: Mtunzi wa Tenzi Aliyeshindwa Kuomba



Wengi wetu tumeimba tangu Shule ya Jumapili ule wimbo wa Tenzi za Rohoni kuhusu damu ya Imanweli inayosafisha wenye dhambi. Aliyeutunga kwa Kiingereza ni William Cowper. Ni wachache wanaojua kwamba mtu huyo aliishi zaidi ya miaka 25 akiamini kwamba Mungu amemkataa na hataki hata kusikia maombi yake.

Cowper alizaliwa mwaka 1731 huko Berkhamsted, Uingereza, mtoto wa mchungaji. Mama yake alifariki akiwa na umri wa miaka sita hivi. Alisomea sheria, na mwaka 1763 akapendekezwa kwa kazi katika Bunge. Alipojua kwamba itabidi asailiwe mbele ya wakuu, hofu ilimshinda, akajaribu kujiua. Alipelekwa St Albans kwa Dk. Nathaniel Cotton, tabibu mcha Mungu aliyewatunza wagonjwa wa akili kwa upole. Huko, mwaka 1764, alifungua Biblia akasoma Warumi 3:25, akaamini kwamba Kristo alikufa kwa ajili yake pia.

Mwaka 1767 alihamia mji mdogo wa Olney pamoja na Mary Unwin, mjane aliyemtunza kama ndugu. Mchungaji wa Olney alikuwa John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Wawili hawa wakawa marafiki wa karibu. Cowper, aliyeogopa sana kusimama mbele ya watu, aliwatembelea wagonjwa na hata kuongoza maombi katika mikutano ya kanisa. Tena walianza kutunga nyimbo pamoja.

Januari 1773 ugonjwa ulirudi. Baadaye aliota ndoto iliyomshawishi kwamba amepotea milele. Tangu hapo aliacha kwenda ibadani, akaacha na kuomba. Wengine walipoinamisha vichwa kushukuru kwa chakula, yeye hakuungana nao.

Tuangalie vizuri shaka yake ilikuwa ya namna gani. Hakusema kwamba Mungu hayupo, wala kwamba msalaba hauokoi. Alisadiki kwamba unaokoa wote, isipokuwa yeye peke yake.

Newton alifanya nini? Alimpokea nyumbani kwake, akakaa naye zaidi ya mwaka mmoja. Na mwaka 1779 alipochapisha kitabu cha nyimbo za Olney, chenye nyimbo 348, aliweka humo nyimbo zaidi ya 60 za Cowper. Mtunzi alikuwa ameacha ibada miaka sita, lakini rafiki yake hakuona sababu ya kuzitoa. Waumini wakaendelea kuimba imani ambayo mwenyewe hakuweza tena kuitamka.

Cowper alilima bustani, alifuga sungura, aliandika mashairi yaliyompa sifa kubwa, na mwaka 1788 alitunga mashairi ya kupinga biashara ya watumwa. Lakini giza halikuondoka. Mary Unwin alifariki mwaka 1796. Katika shairi lake la mwisho alijilinganisha na baharia aliyeanguka kutoka melini akazama. Alifariki tarehe 25 Aprili 1800.

Wapendwa, ushuhuda huu haumaliziki kama tunavyopenda shuhuda zimalizike. Hata hivyo unatufaa. Hapa ugenini wapo kati yetu wanaokaa kimya zamu yao ya kuomba ikifika, na wapo walioacha kuja kabisa. Ni rahisi kusema hawana imani, au kuwaambia wafunge zaidi. Lakini katika Marko 2, aliyepooza alibebwa na watu wanne, na Yesu aliiona imani yao wale waliombeba. Cowper naye alibebwa: na daktari, na mjane, na mchungaji. Huzuni ya namna hii inahitaji maombi, na inahitaji hospitali pia. Kwenda kwa daktari si kumkosea Mungu.

Wiki hii tumpigie simu mmoja ambaye hatujamwona siku nyingi. Tusimhoji kuhusu imani yake. Tumsalimie, tumpelekee chakula, tukae naye. Kama hawezi kuomba, tuombe sisi kwa niaba yake, hata kama itachukua miaka.

Na wewe unayesoma haya huku maneno ya kuomba yamekuishia, nafasi yako kanisani ipo. Njoo ukae tu. Sisi tutaimba.

Mungu awabariki. Amina.