Moïse Tshombe: alilia juu ya mji mkuu, kisha akaukalia

Kilio kwamba mji mkuu unakula na majimbo yanabaki kutazama hakikuanza jana. Wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira ao Kindu wanakijua vizuri: barabara imekufa, mwalimu anangoja mshahara, na kila karatasi lazima iende kutafuta sahihi kule Kinshasa. Lakini mtu aliyekibeba kilio hicho mpaka kuipasua inchi ni Moïse Kapenda Tshombe. Na ni yeye huyo huyo aliyefika siku moja kukalia kiti chenyewe kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Aliyoyafanya akiwa kwenye kiti kile, mashariki iliyaona kwa macho.

Alizaliwa Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, tarehe 10 mwezi wa kumi na moja 1919. Baba yake alikuwa mmoja wa Waafrika wa kwanza kutajirika kwa biashara katika Katanga. Kijana alisoma kwa misionari Wametodisti, akaoa binti wa Mwant Yav, kisha akarithi biashara ya baba. Biashara haikumpenda, alifilisika zaidi ya mara moja. Siasa ndiyo ilimpokea.

Malalamiko juu ya Léopoldville hakuyatunga yeye. Yalianza kwa Wazungu. Tangu mwaka wa 1900 Katanga iliendeshwa kando, na kuanzia 1910 ilikuwa na makamu wake wa gavana mkuu. Mwaka wa 1933 Wabelgiji wakafuta mpango ule, mambo yote yakawekwa chini ya Léopoldville. Walowezi wa Élisabethville hawakusahau hata kidogo. Shaba inatoka huku, walisema, na anayegawa franga ni karani aliyeketi kilomita zaidi ya 1,500 mbali. Tshombe na wenzake walichukua maneno yale yale. Walisema Katanga inaleta karibu nusu ya mapato ya koloni nzima, na inayorudi ni kama sehemu moja tu ya tano.

Chama chao, CONAKAT, kilizaliwa mwaka wa 1958. Tshombe alikuwa prezida wake, na pembeni yake Godefroid Munongo, mjukuu wa Msiri wa Wayeke. Ila hasira ya kwanza ya chama kile haikuelekezwa kwa mji mkuu. Ilielekezwa kwa jirani. Katika uchaguzi wa komini wa mwisho wa 1957, wakuu wa komini za Waafrika mule Élisabethville walikuwa watu waliotoka nje ya jimbo, wengi wao Wakasai. Watu waliojiita wenyeji wa kweli wakaona wamekuwa wageni kwao. Kumbe Wakasai wengi waliletwa na kampuni ya Union Minière yenyewe ili wafanye kazi ya mgodi na ofisi. Kampuni haikulaumiwa. Aliyelaumiwa ni mfanyakazi wake.

Uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 uliipa CONAKAT viti 25 kati ya 60 katika baraza la jimbo. Wapinzani wao, Balubakat wa Jason Sendwe pamoja na washirika, walipata 23. Jimbo lilikuwa limegawanyika katikati kabisa. Mwezi uliofuata Wabelgiji wakageuza sheria ili serkali ya jimbo iweze kuundwa bila theluthi mbili za madepite kuwepo, na Tshombe akawa mkubwa wa Katanga. Tarehe 11 mwezi wa saba, siku kumi na moja tu baada ya uhuru, akatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Hakuna inchi hata moja duniani iliyoitambua rasmi. Lakini ilikuwa na bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, na franga zake, na maofisa Wabelgiji, na askari wa kukodiwa. Juu ya yote ilikuwa na kodi ya Union Minière, ambayo sasa iliingia Élisabethville moja kwa moja. Ndiyo iliyoishikilia Katanga miaka miwili na nusu.

Sasa watazame watu wa Manono, Kabalo na Kongolo, kaskazini ya Katanga, jimbo la Tanganyika la leo. Kwao mji uliowanyang'anya sauti haukuwa Léopoldville. Ulikuwa Élisabethville. Waluba wa kaskazini waliinuka, na askari wa Tshombe pamoja na Wazungu wao wakachoma vijiji. Mwanzo wa 1961, kwa msaada wa askari waliotoka Stanleyville, watu wa Balubakat walitangaza Manono kuwa makao ya jimbo lao, Lualaba. Walijitenga na aliyejitenga. Mwaka ule ule, makumi ya maelfu ya Wakasai walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa kando ya Élisabethville, wakiogopa jirani zao wa jana.

Na kuna damu ya Lumumba. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, wakubwa wa Léopoldville walimtuma akiwa amefungwa, pamoja na Mpolo na Okito, kwenda kwa adui yake Katanga. Usiku ule ule wakauawa. Uchunguzi wa bunge la Ubelgiji, uliotolewa miaka arobaini baadaye, ulionyesha kwamba Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walikuwapo. Miji miwili iliyokuwa ikitukanana kila siku, jambo lile iliweza kulipanga pamoja.

Katanga ilianguka mwezi wa kwanza 1963, Tshombe akakimbilia Ulaya. Mwaka uliofuata mambo yakageuka. Mashariki ilikuwa inawaka: Uvira na Fizi mwezi wa tano 1964, Albertville, Kindu, kisha Stanleyville mwezi wa nane. Wasimba walikuwa na hasira ile ile ya kale, kwamba uhuru umeliwa na wakubwa wa Léopoldville. Rais Kasa-Vubu, aliyepigana na Katanga, akamwita Tshombe kuwa waziri mkuu. Mwezi wa saba 1964 akaapishwa.

Mtu angefikiri kwamba aliyelia juu ya mji mkuu angewasikia wengine waliolia. Alichofanya ni kuita majandarme wake wa Katanga waliokuwa wamekimbilia Angola, na askari wa kukodiwa wa Mike Hoare. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, Wabelgiji walishuka Stanleyville kwa parashuti kutoka ndege za Marekani. Wasimba nao walikuwa wameua wengi, na hilo lisifichwe. Lakini raia wa vijiji vilivyo njiani walilipa pande zote mbili, na kule Fizi na Baraka vita iliendelea mwaka mzima tena.

Kasa-Vubu alimfukuza tarehe 13 mwezi wa kumi 1965, na mwezi uliofuata Mobutu akachukua yote. Kisha Union Minière ikawa mali ya serkali, na franga za shaba zikaelekea Kinshasa kuliko wakati wowote. Tarehe 30 mwezi wa sita 1967, Tshombe akiwa ndani ya ndege juu ya Mediterania, ndege ikatekwa na kupelekwa Algiers. Siku tano baadaye askari wa kukodiwa waliasi wakiongozwa na Jean Schramme, na vita ile ikaishia Bukavu, mji ambao kwa karibu miezi mitatu uligeuka uwanja wa mapigano juu ya ugomvi usio wake.

Tshombe hakutoka tena Algeria akiwa hai. Alikufa tarehe 29 mwezi wa sita 1969, akiwa na miaka 49. Madaktari walisema ni moyo. Alizikwa Ubelgiji.

Hesabu yake ya franga bado iko mezani. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema kila jimbo libakize asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwake, yakatwe pale pale bila kupitia Kinshasa. Magavana wamekidai kifungu hicho mwaka baada ya mwaka. Na Katanga yenyewe, tangu 2015, si jimbo moja tena; imekatwa vipande vinne, na Kalemie haingoji tena sahihi ya Lubumbashi.