Tom Simpson, bingwa wa dunia aliyekufa akilitafuta jukwaa

Likitajwa jina la Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi aliyechukua Tour de France mara 4, hakosi mtu wa kuuliza: alikula dawa au hakula? Leo nawaletea marehemu mmoja ambaye kifo chake ndicho kilichofanya swali hilo liwe zito namna hii.

Tom Simpson alizaliwa tarehe 30 Novemba 1937 huko Haswell, kaskazini mashariki mwa Uingereza, mtoto wa mwisho kati ya 6. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Baadaye familia ilihamia Harworth, nako ni migodi tu. Kijana akawa anasambaza vitu vya duka kwa baiskeli, kama vijana wetu wanavyopeleka ndizi Tukuyu, na miguu yake ikakomaa humo humo. Mwaka 1956 alikuwa Melbourne kwenye Olimpiki, akarudi na medali ya shaba katika mbio za timu uwanjani.

Ila Uingereza enzi hizo baiskeli haikuwa na hela. Hela ilikuwa Ufaransa, Ubelgiji na Italia. Mwaka 1959 jamaa akavuka bahari na pauni 100 na baiskeli 2, akaenda kuanza maisha upya kwa watu ambao hata lugha yao hakuijua vizuri. Hapo ndipo ninapomkubali. Mwaka 1961 alishinda mbio kubwa ya Flanders, 1962 akavaa jezi ya njano ya Tour de France kwa siku moja, Mwingereza wa kwanza kuivaa, akamaliza wa 6. Milan–San Remo akaibeba 1964. Na mwaka 1965, mjini San Sebastián, Hispania, alimshinda Mjerumani Rudi Altig kwenye mstari akawa bingwa wa dunia. Kwao alichaguliwa mwanamichezo bora wa mwaka.

Halafu mambo yakageuka. Mapema 1966 alivunjika mguu akiteleza kwenye theluji. Msimu ule ambao angetakiwa kuvuna pesa kwa jina la ubingwa ukaharibika.

Hapa lazima nieleze kidogo jinsi hela ilivyopatikana. Mshahara wa timu haukuwa wa kutisha. Pesa nzuri zilikuwa kwenye vimbio vya mitaani vilivyofuata baada ya Tour, ambapo waandaaji waliwalipa mastaa ili waje tu watu wawaone. Umemaliza Tour ya juu, au umevaa jezi ya njano, bei yako inapanda. Umemaliza wa 20, nani anakuita? Basi Simpson aliingia Tour ya 1967 akiwa na karibu miaka 30, akilitaka jukwaa la watu 3 wa kwanza au jezi ya njano hata kwa siku chache. Wakala wake naye alikuwa akimsukuma. Mwaka ule walikimbia kwa timu za taifa, na timu ya Uingereza ilikuwa dhaifu, kwa hiyo mzigo wote alikuwa nao yeye.

Milimani tumbo likamsumbua, akawa hashiki chakula. Bado alikuwa wa 7.

Tarehe 13 Julai 1967 walitoka Marseille, kilometa zaidi ya 200, na katikati yake kulikuwa na Mont Ventoux. Kwa urefu mlima huo haumfikii Rungwe wetu: una mita 1,909, Rungwe anauzidi kwa mita 1,000 hivi. Lakini kuupanda kutoka Bédoin ni kilometa 21, na huko juu hakuna mti. Si kama huku ambako mgomba utakupa kivuli. Ni mawe meupe matupu yanayorudisha joto usoni, na siku hiyo joto lilipita digrii 40. Kanuni za enzi hizo zilibana hata maji ya kupewa njiani, ndiyo maana waendesha baiskeli walikuwa wanavamia baa na kuchukua chochote. Mwenzake mmoja alitoka na brandi miongoni mwa vinywaji, na Simpson akaipiga mafunda.

Karibu na kilele alianza kuyumba, upande huu na upande ule wa barabara. Akaanguka. Akainuliwa, akawekwa juu ya baiskeli, akaenda mita mia kadhaa, akaanguka tena. Mikono ilikuwa imeng'ang'ania usukani, ikabidi watu waibandue. Yale maneno ya mwisho mnayosimuliwa kwamba aliomba arudishwe kwenye baiskeli, mimi siyaandiki. Mwandishi aliyeyaeneza hakuwepo pale. Daktari wa mbio, Pierre Dumas, alihangaika naye barabarani, helikopta ikampeleka Avignon, na huko ikatangazwa kwamba amefariki. Alikuwa na miaka 29.

Mfukoni mwa jezi yake vilikutwa vichupa vya amfetamini, na uchunguzi wa mwili ukakuta dawa hiyo pamoja na pombe. Amfetamini haikupi nguvu mpya, wadau. Inazima kengele. Mwili unasema simama, wewe husikii, na joto la ndani linapanda huku maji yameisha.

Tena haikuwa siri. Ufaransa ilikuwa na sheria ya kupiga vita dawa hizo tangu 1965. Mwaka 1966 vipimo vya kwanza vya Tour vilipofanywa Bordeaux, kesho yake waendesha baiskeli waligoma, wakashuka na kukokota baiskeli kwa miguu. Kwangu mimi Simpson alivunja sheria, sipindishi. Ila waliombania maji na waliomdai jukwaa hawakupimwa mkojo.

Kwenye mazishi Harworth alikuwepo kijana wa timu yake ya Peugeot, Eddy Merckx. Mwaka 1969 Merckx huyo huyo alifukuzwa mbio za Italia kwa kipimo cha dawa, akikana mpaka leo.

Karibu na kilele cha Ventoux kuna jiwe la kumbukumbu, na wapandaji huacha hapo chupa na kofia zao. Tarehe 14 Julai 2013 Froome alipita hapo akienda kushinda hatua. Kesho yake, siku ya mapumziko, waandishi walimkalia kooni kwa maswali ya dawa. Mwaka 2017 kipimo chake cha Hispania kilionyesha salbutamoli, dawa ya pumu, kupita kiwango. Julai 2018 shirikisho la baiskeli duniani likamsafisha. Kuna waliokubali na kuna ambao hawatakubali kamwe.

Wewe uko upande gani? Andika hapo chini, ila matusi sitayapitisha.