Solomon Linda: Manju Aliyefutwa katika Wimbo Wake

Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 katika eneo la Msinga, Natal, Afrika Kusini. Utotoni alizisikia nyimbo za harusi za Wazulu, na katika shule ya misheni akajifunza tenzi za kanisani na uimbaji wa kwaya. Baadaye alizichanganya na midundo mipya iliyotoka Marekani. Kwa hiyo Linda mwenyewe alikuwa mkopaji, kama walivyo watunzi wote, lakini alichokopa alikifinyanga upya kikawa chake.

Mwaka 1931 alihamia Johannesburg kutafuta riziki. Huko aliongoza kundi la Evening Birds, na akaajiriwa na kampuni ya Gallo kupakia santuri. Mwaka 1939 kundi hilo liliingia katika studio ya kampuni hiyo na kurekodi Mbube, yaani Simba. Wenzake wakirudia kiitikio kwa sauti nzito, Linda alipaa juu yao kwa sauti nyembamba, akibuni mahadhi papo hapo. Haki za wimbo huo aliziuza kwa malipo yanayosimuliwa kuwa shilingi 10 tu. Katika mwongo uliofuata, santuri hiyo iliuza nakala zipatazo 100,000, na mtindo mzima wa uimbaji ukaitwa mbube.

Santuri ilivuka bahari ikamfikia Pete Seeger, mwimbaji wa Marekani. Neno la Kizulu linalomtaja mtu kuwa simba, lenye kiambishi cha nafsi na kishirikishi mbele ya nomino, sikioni mwake liligeuka Wimoweh. Kwa jina hilo kundi lake, The Weavers, lilirekodi wimbo mwaka 1951. Seeger aliudhani kuwa wimbo wa jadi, na nafasi ya mtunzi ikajazwa jina la kubuni, Paul Campbell. Alipotambua kosa lake, alimtumia Linda dola 1,000. Mwaka 1961, The Tokens waliurekodi kwa maneno ya Kiingereza, ukaitwa The Lion Sleeps Tonight na kushika nafasi ya kwanza Marekani. Mahadhi yaliyobeba maneno hayo ni yale ambayo Linda aliyabuni studioni, lakini waliosajiliwa kuwa watunzi walikuwa watu wengine.

Linda alifariki mwaka 1962 kwa maradhi ya figo, akiwa fukara. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe la ukumbusho.

Mwaka 2004 warithi wake waliishtaki kampuni ya Disney, iliyoutumia wimbo huo katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Walitegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyorejesha haki kwa warithi miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mwaka 2006 pande husika zilipatana. Warithi wakapewa mrabaha, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza.

Maisha ya Linda yanawagusa hasa watafiti wa fasihi simulizi. Mara nyingi wimbo wa Kiafrika huwekewa alama ya jadi na kuhesabiwa kuwa mali ya jamii nzima, hata pale manju wake anapojulikana na yungali hai. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mtunzi ni kutajwa kwa jina lake.